Nje ya Mstari wa Fremu

Ndugu zangu, sogeeni karibu. Habari hii si ndefu lakini ni nzito, na ningependa kila mwenye mke, mwenye mume, mwenye dada au mwenye mama aisikie akiwa ameketi, simu ameiweka kando.

Asubuhi moja nyumba ya Fundi Kona ilikuwa shwari. Mbele ilikuwa karakana yake ya kutengeneza fremu za picha, imejaa harufu ya gundi na vumbi la mbao. Nyuma ya karakana kulikuwa na sebule, chumba cha kulala, na chumba kingine kidogo ambacho hakijapata mwenyewe. Jina la Kona alipewa na wateja kwa sababu ya pembe za fremu zake. Zilibana kiasi kwamba hata wembe usingepita, na sifa hiyo bwana yule hakuwahi kuchoka kuisikia.

Mkewe alikuwa ameketi mlangoni mwa karakana, mimba yake kubwa, amevaa gauni la kijani ambalo dada yake alimshonea kwa ajili ya miezi ile ya uzito. Fundi alikuwa akipiga randa ubavu wa kitanda cha mtoto.

"Fundi, umepima kitanda vizuri?" mkewe akamchokoza.

"Nimepima mara mbili."

"Na mwenye kitanda umempima?"

"Huyo atapimwa akifika. Akizidi nitamkata miguu."

Wakacheka, mama yule kashika tumbo, baba kashika randa. Nawaambia haya makusudi, ili mjue kwamba nyumba hii iliwahi kucheka.

Mtoto alikuja, lakini hakulia. Wakunga walimpigapiga, wakamgeuza, wakamfunika. Fundi Kona, ambaye hakupata kumpima akiwa hai, alimtengenezea jeneza dogo kwa mkono wake mwenyewe, pembe zimebana kama kawaida yake. Kitanda kikaingizwa katika chumba kidogo, nguo zikakunjwa juu yake, mlango ukafungwa.

Majirani walikuja. Walisema yale tunayosemaga sote. Bado kijana, utapata mwingine. Usilie sana, utajiumiza. Mama mzazi wa Fundi alihamia pale kwa muda kusaidia kazi, na kusema kweli alisaidia. Alipika, alifua, aliteka maji. Ila kila alipomkuta mkwe wake analia alimwambia, "Basi, mwanangu, yameshapita," na kwa kuwa mkwe alikuwa na adabu zake, akaacha kulia mbele za watu.

Akaacha na kulala pia. Chakula alikuwa anakizungusha sahanini. Alipotumwa dukani alirudi mikono mitupu akiwa hakumbuki alitumwa nini. Fundi alimpeleka kliniki akidhani ni upungufu wa damu. Muuguzi aliongea na mgonjwa peke yake kwa muda, kisha akamwita mume pembeni.

"Baba, damu yake haina shida. Mkeo anaumwa ugonjwa wa huzuni. Sisemi amehuzunika tu, kila aliyefiwa anahuzunika. Huu umemshika na haumwachii. Una tiba, na madaktari wake wapo hospitali kubwa, kitengo cha afya ya akili. Nikuandikie mwende?"

Lile neno akili lilimwingia Fundi kama msumari uliokosea mbao. Akasema atafikiria. Alipofika nyumbani akamwambia mama yake, na mama yake akashika kichwa.

"Akili? Mke wa mwanangu apelekwe kule wanakopelekwa wenye wazimu? Watu watasemaje? Mtafutie kitu cha kumshughulisha, huyo. Mawazo yanataka kazi."

Na hapo ndipo picha zilipoingia.

Karakana ile ilikuwa na vipande vya ubao mwembamba vinavyobaki baada ya kuziba migongo ya fremu, na makopo ya rangi ambayo hayajaisha. Siku moja Fundi alimkuta mkewe amejikunyata sakafuni anapaka rangi juu ya kipande. Alikuwa amechora bomba la maji la mtaani na ndoo zimepanga foleni. Hakufundishwa na mtu, lakini ndoo zile ungedhani utasikia zinagongana. Fundi alifurahi hadi macho yakalowa. Miezi mingi alikuwa hajamwona mke wake akikaza jicho kwenye kitu.

"Mama, njoo uone! Anachora!"

Mama akaja, akaangalia, akapiga makofi. "Nilikwambia nini? Mgonjwa wa akili anaweza kuchora hivi?"

Jambo likaisha hivyo, ndugu zangu. Kliniki hawakurudi tena. Muuguzi alipokutana na Fundi njiani akamwuliza hali, alijibiwa kwa kujidai, "Mzima kabisa, dada yangu. Siku hizi anachora."

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu fremu, maana hapa ndipo mkasa ulipo. Fundi aliyemfundisha kazi Kona alikuwa na msimamo wake: fremu lazima iume picha. Kwa hiyo fremu za Kona zilikuwa na mdomo mpana kwa ndani, unaomeza ukingo wa picha upana wa kidole gumba kila upande, ili picha isilegee wala kuteleza. Mafundi wengine walimcheka kwamba anapoteza mbao. Yeye alijibu kwamba picha zao zinacheza ndani kama meno ya kizee.

Alipochukua picha ya bomba ili aitie fremu, aliona kwamba pembeni kabisa, upande wa kulia, mkewe ameweka mtu. Mwanamke mdogo, gauni la kijani, amesimama mbali na foleni, hana ndoo.

"Huyu wa pembeni atamezwa na fremu," Fundi akasema. "Hataonekana."

"Haidhuru," mkewe akajibu.

"Ungemsogeza kidogo katikati."

"Hakai katikati."

Fundi akaona ni ugeni wa kazi tu. Akamtilia picha fremu, mwanamke akamezwa, na picha ikatundikwa sebuleni. Tangu siku hiyo, kwa mapenzi kabisa, kila kipande cha ubao alichompa mkewe alikipigia kwanza mstari wa penseli kuzunguka pande zote, upana wa kidole gumba.

"Ukikaa ndani ya mstari, hakuna kitakachopotea," alimwelekeza, kama anavyoelekezwa mwanafunzi wa karakana.

Mkewe aliuangalia ule mstari kwa muda mrefu. Halafu akachora soko, na mwanamke wa gauni la kijani akamweka nje ya mstari. Akachora karakana, Fundi mwenyewe ameinama na penseli sikioni, na mwanamke akamweka nje ya mstari. Akachora sebule imejaa wageni wanaocheka. Mwanamke amekatika nusu, bega moja na jicho moja, nje ya mstari. Fundi alijikuna kichwa. Alimwona mke wake kuwa fundi hodari asiyesikia maelekezo, na akaendelea kufunika.

Sifa zikaenea. Watu walianza kuja kuangalia tu. Walisimama sebuleni, wakapinda shingo huku na huku, wakasema, "Nzuri! Aisee, nzuri!" Wakampa mke wa Fundi jina, Bi Rangi. Kuna bwana mmoja, msomi wa kutosha, aliyetamka kwamba uchungu ndio unaompa mkono mwepesi, na kwamba aachwe hivyohivyo, akitulia atapoteza kipaji. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nawauliza ninyi mnaonisikia: mtu akivunjika mguu akachechemea vizuri, mtamwacha bila kumfunga mguu ili mfurahie mwendo?

Bi Rangi mwenyewe alikuwa anazidi kukonda. Siku moja wakiwa wanakunywa chai alimwambia mumewe, "Wanapoziangalia picha, unadhani wananiona?"

"Wakuone vipi tena? Jina lako limeenea mtaa mzima."

"Jina, ndiyo. Mimi naona kama nimo humu ndani lakini simo."

"Umechoka," Fundi akamwambia kwa upole, akammiminia chai nyingine. "Pumzika kesho, usichore."

Alikuwa mume mwema, msimfikirie vibaya. Alimpenda. Lakini alikuwa amezoea kuangalia kila kitu kwa kingo zake, kama kimenyooka na kama kimebana, na cha katikati aliwaachia wenye macho ya kuangalia.

Ikaja picha ya mwisho. Ilikuwa ya chumba kidogo kile kilichofungwa. Kitanda cha mtoto, nguo zimekunjwa, dirisha na mwanga wake sakafuni. Rangi zilikuwa zimetulia mno, hata mtu mwenye kelele angeshusha sauti mbele yake. Fundi aliichukua, akaipitishia macho kingo zote nne, na uso ukamchanua. Nje ya mstari hapakuwa na kitu. Ubao mtupu, safi, pande zote.

"Hapo sasa!" akasema. "Hatimaye umeelewa. Umeacha nafasi ya fremu!"

Mkewe alitabasamu. Fundi aliliona tabasamu lile, na mpaka leo linamla.

"Nimeelewa," mkewe alisema.

Picha ikatundikwa mahali pa heshima, juu ya kiti kikubwa. Waliopita kuiona walisema ndiyo nzuri kuliko zote.

Kesho yake, jua la mchana limewaka, akaja dada yake Bi Rangi. Huyu alikuwa msusi, ana saluni yake upande wa pili wa mji, mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyotulia. Alikuwa hajafika kwa muda kwa sababu ya kazi, lakini saluni kwake alikuwa na picha moja ya mdogo wake, ile ya kwanza kabisa aliyowahi kuichora kwa ajili yake, ameipigilia ukutani kwa misumari bila fremu. Kila siku alikuwa akimwona yule mwanamke wa gauni la kijani amesimama ukingoni mwa picha. Gauni alilijua. Si alilishona yeye?

Akaingia sebuleni, akasalimiana na mama mkwe, akaanza kuzungusha macho ukutani. Maneno yakampungua.

"Shemeji," akaita kuelekea karakana. "Shemeji, hebu njoo. Mdogo wangu mbona hayumo?"

Fundi akaja anapangusa mikono. "Hayumo wapi?"

"Humu. Kwenye picha. Yule wa gauni la kijani."

"Aah, yule! Yumo. Ila alikuwa anamweka pembeni sana, fremu inamfunika. Nimempigia mistari wee, hasikii. Ila hii ya jana," akaonyesha ile ya juu ya kiti, amevimba kwa fahari, "hii hakumweka kabisa. Sasa ameshajua."

Uso wa msusi ulibadilika polepole, kisha wote kwa mara moja.

"Hakumweka kabisa?"

"Kabisa."

"Mdogo wangu yuko wapi sasa hivi?"

"Amepumzika nd..."

Hakumaliza. Dada mtu alishafika chumbani, kitanda kitupu. Akaupiga kumbo mlango wa chumba kidogo, umefungwa kwa ndani. Akaita jina la utotoni ambalo hakuna mwingine pale ndani aliyelijua. Fundi Kona aliyetengeneza mlango ule kwa mikono yake, mlango usiotikisika, aliuvunja kwa bega lake mwenyewe.

Walimkuta chini, kando ya kitanda cha mtoto. Alikuwa amemeza dawa nyingi. Nguo zile ndogo alikuwa amezikumbatia, na gauni la kijani, lililokuwa halijavaliwa tangu siku ya msiba, alikuwa amelivaa. Alikuwa bado anapumua. Sitaongeza hapo, maana hakuna faida ya kuongeza. Walimbeba, wakapata gari la jirani, wakafika hospitali. Madaktari walimpigania na wakamwokoa.

Mama mzazi wa Fundi alikaa kwenye benchi la hospitali. "Lakini alikuwa anachora," alirudia kumwambia kila aliyepita mbele yake. "Alikuwa anachora jamani, nyie."

Bi Rangi alipoweza kukaa, alihamishiwa kitengo kile ambacho neno lake lilikuwa limewatisha. Hapakuwa na minyororo wala kelele. Kulikuwa na vitanda, mashuka yaliyofuliwa, daktari mama mwenye sauti ya chini, na watu waliokuwa wanaumwa. Basi. Kitu walichokikimbia kwa aibu kilikuwa chumba chenye madirisha makubwa na watu wanaonywa uji.

Fundi alirudi nyumbani peke yake. Akaingia sebuleni, akashusha picha zote, akazilaza juu ya meza ya kazi. Akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari midogo moja baada ya moja. Fremu aliyoibana kwa ustadi haikubali kufunguka kirahisi, na vidole vyake vikachanika. Kila alipoitoa moja, mke wake alitokea ukingoni. Bombani, bila ndoo. Sokoni, amewapa watu mgongo. Karakanani, ameunyoosha mkono kuelekea kwa mume aliyeinama, na mkono umeishia palepale kwenye mstari wa penseli. Sebuleni, bega na jicho. Mtu yule alikuwa anasogea nje picha hadi picha, na yeye ndiye aliyekuwa anamfunika, kisha anapiga vanishi juu.

Alilia pale juu ya meza, kwa sauti, na hakujali nani anapita barabarani.

Siku aliporuhusiwa kumwona aliingia na kusimama miguuni mwa kitanda kama mtu aliyetumwa.

"Nimezifungua," akasema.

Mkewe aligeuza macho kumtazama. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Zote?"

"Zote. Nimekuona."

"Nilikuwa nasema, Fundi. Kila siku nilikuwa nasema. Wewe ulikuwa unapima."

Fundi alikaa kwenye kiti, akamshika mguu juu ya shuka, na wakakaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Labda mnangoja niwaambie kwamba alirudi nyumbani na kicheko cha mlangoni kikarudi. Hakurudi. Alipotoka hospitali alisema nyumba ile hawezi kulala tena, na hakuna aliyembishia. Alikwenda kwa dada yake, anameza dawa zake kila siku, anakwenda kuonana na daktari, na kuna siku zinapita vizuri na kuna siku hatoki kitandani. Muda mrefu hakugusa rangi. Yule bwana msomi alisikika akisikitika kwamba kipaji kimepotea. Kipaji! Hakuuliza hata kama mwenyewe anakula.

Mama mzazi wa Fundi ndiye anayempelekea mkwe wake matunda sasa, na amejifunza kukaa kimya mkwe anapolia.

Fundi Kona humtembelea kila siku ya mapumziko. Juzijuzi alimkuta saluni, ameketi kwenye kiti cha chini karibu na dirisha, na magotini amepakata kipande cha ubao. Hakuna aliyekipigia mstari. Alikuwa amechora saluni yenyewe, dada yake ameshika chanuo, wateja wawili wanateta, taulo zimeanikwa. Fundi alitazama. Lile neno nzuri lilimjia ulimini, akalimeza.

"Wewe uko wapi humu?" akauliza.

Mkewe akanyoosha kidole kwenye mlango uliochorwa nyuma ya wateja. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na katika ule uwazi kulikuwa na kitu cha kijani, kiwiko tu cha mtu.

"Hapo," akasema. "Bado sijaingia."

Fundi akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Macho yalikuwa yamemjaa. "Nikutengenezee fremu yake? Isiyouma?"

"Hapana, Fundi. Subiri kwanza."

Akasema sawa, atasubiri. Akakaa nao mpaka saluni ikafungwa, halafu akarudi kwenye nyumba yake, akapita mbele ya mlango uliovunjika ambao hajautengeneza mpaka leo, yeye fundi.

FUNZO

Wapendwa, mtu mwenye maumivu anapochora, anapoimba, anapotunga au kushona, anaweza kuwa anapata nafuu kidogo, na pia anaweza kuwa anaomba msaada. Msimnyang'anye kalamu mkidhani ndiyo inayomuumiza. Lakini msidhani pia kwamba kalamu ni daktari. Kazi ya mikono yake inaweza kumshikilia leo. Tiba ya ugonjwa wake iko hospitali, na kwenda huko hakuna aibu zaidi ya kwenda kung'oa jino. Muuguzi alisema mapema, na hakuna mchoro uliomfanya muuguzi kuwa mwongo.

Msiambiane kwamba mateso ni mazuri kwa kipaji. Anayesema hivyo anapenda picha kuliko mtu.

Na mtakapoletewa kazi ya mkono wa mtu mnayempenda, msiseme nzuri mkageuka kwenda zenu. Ketini. Itazameni mpaka ukingoni. Kisha mwulizeni mwenyewe, kwa sauti ya chini, mkiwa tayari kusikia jibu lolote: wewe uko wapi humu?